Nilikanyaga Mpaka, Nikanyamazia Shimo

Mdomo wangu unajulikana avenyu nzima. Mtu akimwaga maji machafu barabarani, mimi ndiye ninayetoka. Mwendesha moto, yaani pikipiki, akipita kasi mbele ya watoto wa shule, mimi ndiye ninayesimama katikati ya njia, kitenge kimefungwa kiunoni, mpaka aombe radhi. Nimefundisha darasa la pili hapa Bunia miaka mingi, na mwalimu wa darasa la pili akishazoea kusahihisha watu haachi tena. Majirani zangu wa Nyakasanza hunitania kwamba redio zao zikiisha betri, wanafungua dirisha la upande wangu.

Ndiyo maana siku moja ambayo mdomo huu ulitakiwa kufanya kazi yake, nao ukakaa kimya, inanichoma kuliko makosa yangu mengine yote. Naiandika hapa kwa sababu sioni mahali pengine pa kuiweka.

Lazima nianze na shimo lenyewe.

Huku kwetu mtu anayejenga hanunui matofali kama ana uwanja. Anachimba nyuma ya nyumba anayoiwazia, anakanyaga udongo kwa miguu, anafyatua, anakausha, anapanga tanuru na kulichoma kwa kuni. Nyumba inapopanda, shimo linashuka. Ukiona nyumba nzuri ya tofali katika mji huu, usiulize kama kuna shimo, uliza liko wapi. La kwetu alilichimba mume wangu, miaka ya mwanzo ya ndoa yetu. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu, Mungu amrehemu. Alitaka tofali nene na ukuta wa tofali mbili mbili, kana kwamba tungeishi humo na tembo. "Nyumba haijengwaki mara mbili," alikuwa akiniambia kila nilipolalamika. Kwa hiyo shimo letu likawa kubwa kuliko la jirani yeyote. Mtu mzima akisimama ndani, kichwa hakikuonekana. Mvua zikalijaza, vyura wakahamia, na mwishowe sisi na avenyu nzima tukaligeuza jalala.

Mume wangu alipofariki, kiwanja, lupango kama tunavyosema huku, kilikuwa kikubwa mno kwa mjane. Nikakikata, sehemu ya nyuma nikamwuzia mwanaume mmoja ambaye kazi yake ni kujenga nyumba na kuziuza. Sikumficha kitu. Hata ningetaka, shimo lile lilikuwa linanuka. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akacheka.

"Mama, hapa unaniuzishia lupango ama unaniuzishia kisima?"

Tukacheka wote wawili. Mpaka hapo sikuwa na kosa, na ninapenda lijulikane.

Kisha nikamwangalia akilijaza. Dirisha la jikoni kwangu linatazama pale, kwa hiyo hakuna aliyeona kama nilivyoona. Juu ya takataka zetu zilikuja takataka nyingine. Ikaja migomba iliyokatwa, ukaja unga wa mbao kutoka kwa maseremala, yakaja magunia yaliyooza na godoro moja lililochanika. Mwishoni malori yalimwaga udongo mwekundu juu yake, vibarua wakausawazisha kwa majembe na kuukanyaga huku wakiimba. Ukapendeza, ungedhani pana uwanja wa mpira. Hata msimu mmoja wa mvua kubwa haujapita, waashi wakaanza kupanga mawe ya msingi.

Siku moja nilimwita kwenye uzio. "Papa, huu udongo haiyalala bado."

"Madame, weye fundisha batoto," akanijibu. "Kujenga utuachie siye."

Nikarudi jikoni nimevimba. Nakiri kwamba kilichonikasirisha ni kuambiwa hivyo. Udongo nilikwisha kuusahau kabla sufuria haijachemka.

Nyumba ilitoka nzuri. Kuta zilipigwa krepi, yaani plasta, laini na rangi ya samawati, baraza likawekwa vigae, madirisha yakapata vyuma vyenye maua. Watu waliokuwa wakienda misa walipunguza mwendo ili waitazame vizuri.

Mnunuzi alikuja wakati wa kiangazi, Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanamke wa upande wa Mahagi, kutoka ziwani, muuza makayabo, samaki wa chumvi, na samaki wa kukaushwa, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Alikuja na mama yake mzazi, kikongwe mwembamba aliyetembea na fimbo na kusema Kialur tu. Tangu watoke kwao walikuwa wamepanga nyumba za watu, moja baada ya nyingine, na mahali pawili walitolewa kwa sababu alitokea mtu mwingine akisema yeye ndiye mwenye kiwanja. Hayo alinisimulia baadaye. Siku ile niliyaona usoni kwake tu.

Kuuziana nyumba kwetu hakuanzi na karatasi. Kwanza mpaka unakanyagwa. Wanakuja shefu wa avenyu, muuzaji, mnunuzi na majirani wa kila upande. Kila jirani anaweka mguu wake juu ya jiwe la kona inayomhusu, anasema kwa sauti mbele ya wote kwamba hapo ndipo anapoishia na kwamba hana neno. Halafu ndipo karatasi inaandikwa, na wote waliokanyaga wanatia saini. Kwa kuwa sehemu ile ilitoka kwangu, kona mbili zilikuwa zangu, na neno langu ndilo lililosubiriwa.

"Mama," mnunuzi akaniuliza kwenye kona ya kwanza, "hakuna mutu atakuja kesho kusema huu lupango ni yake?"

"Hakuna."

"Hata batoto ya bwana yako?"

"Hata bale."

"Na bandugu yake, bale banakaa mbali?"

"Hata bale, mama. Kaa na roho chini."

Akauliza tena kwenye kona ya pili, na tena barazani. Sikumshangaa. Katika Ituri hii ardhi imewaliza watu wengi, na mtu aliyewahi kutolewa mahali ananunua nyumba akiwa na swali moja tu mdomoni. Kwetu mnunuzi anaogopa watu, udongo haumjii akilini. Hata karatasi yenyewe iko hivyo: urefu, upana, vyumba vingapi, na mstari mmoja ambao muuzaji anaapa kwamba hakuna mzozo. Hakuna mstari unaouliza nyumba imesimama juu ya nini. Kama ningekuwa mimi ninayeitunga karatasi hiyo, ungekuwa mstari wa kwanza, na kalamu nyekundu ningeipigia hapo.

Lakini siku hiyo sikuwa natunga karatasi. Nilisimama kwenye kona ya pili, mguu juu ya jiwe, nikijua kabisa kwamba hatua tatu kutoka pale, chini ya chumba chenye dirisha dogo, kuna migomba na godoro. Muuzaji alinitazama. Hakunikonyeza wala hakunitisha. Alimgeukia tu mnunuzi akasema, "Huyu ni madame mwalimu. Hasemaka bongo, ni mutu wa kweli. Muulize kila kintu."

Nami, mjinga, nikajisikia vizuri. Mnunuzi akaniuliza juu ya watu, nikamjibu juu ya watu. Shefu akanipa kalamu, nikatia saini kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Tukaletewa soda, tukanywa.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Hakuniuliza. Nyumba haikuwa yangu. Muuzaji angeweza kunigeuzia kibao na kusema nani aliyelichimba shimo, na jina la marehemu lingeanza kuzunguka midomoni mwa watu. Halafu ipo ile niliyoitumia zaidi, nikiwa naosha vyombo na kuitazama nyumba ya samawati: labda udongo utakaa.

Tukawa marafiki, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na mdomo kama wangu. Jioni akitoka sokoni alipitisha samaki juu ya uzio, mimi nikampitishia sombe, kisamvu cha shambani kwangu. Mwanzoni aliniita mama. Baada ya mwezi mmoja akaanza kuniita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na mimi nikamwita mudogo wangu. Mama yake alikaa barazani mchana kutwa akinipungia mkono kila nilipotoka. Alikuwa amechagua chumba chenye dirisha dogo kwa sababu jua la asubuhi linaingia. Kitanda chake kilisogezwa ukutani.

Mvua za kwanza zilipokuja, ufa ulitokea juu ya kitanda hicho. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Mudogo wangu akautundikia kalenda ya parokia. Mvua za pili ufa ukatokea chini ya kalenda, na mlango wa mbele ukaanza kugoma kufunga. Aliita fundi. Fundi akamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kama mafundi wote wanavyosema wakitaka kazi, akauziba kwa saruji na kuondoka. Mwezi haukuisha, ufa ukarudi na ndugu yake.

"Hii krepi ya huyu papa ni ya mbaya sana," mudogo wangu akasema. "Si ndiyo, yaya?"

Nikasema ndiyo, krepi ni mbaya.

Sasa huo ulikuwa uongo. Kimya changu cha kwanza niliweza kukibembeleza, uongo huu sikuweza. Kila nilipoingia mle ndani, macho yangu yalikwenda ukutani kabla sijamsalimu mwenye nyumba. Darasani niliwapigia watoto kelele bila sababu. Mvua ikianza kunyesha nikiwa shuleni, nilisikiliza bati za paa nikimwaza kikongwe yule na ukuta ule. Nilikuwa na hofu, na niliona aibu, na bado sikusema. Nilisubiri udongo uniulize mwenyewe.

Aliyeniuliza alikuwa kikongwe. Asubuhi moja, mvua ilikuwa imetoka kukatika, niliingia kuwasalimu nikamkuta amesimama katikati ya chumba chake, anagonga sakafu kwa fimbo. Aligonga karibu na mlango, ikasikika kavu. Akasogea kwenye kitanda, akagonga tena, sakafu ikaitika kama ngoma. Akasema neno kwa Kialur.

"Anasema hapa chini iko wazi," mudogo wangu akatafsiri huku akicheka. "Bazee na mambo yao."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikawaambia. Niliwaambia shimo, migomba, godoro, na udongo ambao haukulala. Nikawaambia ni mume wangu aliyelichimba, na kwamba nyumba yangu yote, kila tofali, ilitoka hapo tulipokuwa. Mudogo wangu aliacha kucheka taratibu. Alimtafsiria mama yake sentensi moja moja, kisha akanigeukia.

"Ulijua ile siku ya mupaka?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza juu ya batu."

Nilipolisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu, nilitamani kulirudisha. Hakupiga kelele. Alianza kuvua mashuka kwenye kitanda cha mama yake, na mimi nikaondoka.

Kikongwe akahamishiwa sebuleni. Mudogo wangu alikwenda kwa muuzaji, naye akamjibu kwa upole kwamba karatasi inasema hakuna mzozo, je, kuna mtu amekuja na mzozo? Kama hapana, nyumba ni salama mbele ya sheria. Akaongeza kwamba jirani mwenye kujua yote alikuwepo na alitia saini. Mudogo wangu akaenda kwa shefu, shefu akamsomea karatasi ile ile. Nilijitolea kwenda kusema niliyoyaona. Shefu akaniambia, "Madame, ungesema siku ya kusema." Mara ya kwanza maishani mwangu mtu alinisahihisha, nikainuka nikaenda zangu.

Wiki kadhaa hakunipitishia samaki, wala sikuthubutu kumpitishia sombe. Halafu Jumapili moja baada ya misa alisimama kwenye uzio.

"Yaya, nimechoka kukasirika. Mama anakuulizaka kila siku."

Nililia pale pale, mbele ya wapita njia. Sikustahili, na alinipa. Tukaanza upya, na kwa muda nilidhani jambo limekwisha, isipokuwa ukuta.

Ukuta haukwisha. Alikuwa hana uwezo wa kuubomoa na kujenga tena, wala hakuwa na pa kumpeleka mama yake. Akaamua kuuza. Alimwita fundi mwingine, nyufa zikazibwa, rangi ya samawati ikapakwa upya, zulia la plastiki likatandikwa juu ya sakafu ya chumba chenye dirisha dogo. Akapatikana mtu, mchimba dhahabu wa makamo, Mwislamu mwenye kofia safi, aliyetaka kuyaacha machimbo na kuileta familia yake mjini.

Siku moja kabla ya kukanyaga mpaka, alasiri, mudogo wangu alikuja kwangu na makayabo makubwa yaliyofungwa kwa gazeti. Hakukaa.

"Yaya, kesho utaweka tu mguu kwa mupaka. Siombe useme bongo. Unyamaze tu, vile ulinyamaza kwangu."

"Na batoto ya huyu papa?"

"Na mama yangu?" akaniuliza.

Sikujibu. Aliweka samaki mezani akatoka, na najua alichukua kimya changu kuwa ndiyo. Watu wote huchukulia hivyo. Mimi mwenyewe sikujua bado kilikuwa nini.

Kesho yake tulikutana wale wale, shefu, majirani, mimi. Mgeni mmoja tu. Kwenye kona yangu ya kwanza mchimba dhahabu alinisalimu kwa heshima, mkono kifuani, akauliza.

"Mama, hakuna mutu atakuja kusema huu lupango ni yake?"

Ni swali lile lile, neno kwa neno. Huyu ni mtu aliyeshinda ndani ya mashimo maisha yake yote, na hata yeye aliuliza juu ya watu. Nikajibu hakuna. Tukaenda kona ya pili. Niliweka mguu juu ya jiwe. Mudogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu, rozari mkononi, hanitazami. Nikatoa mguu.

"Papa," nikasema, "batu hawana shida. Uliza udongo."

Shefu alikohoa. Mchimba dhahabu alinitazama, kisha akaitazama nyumba. Nikamwambia yote, kwa sauti, kama ninavyosema darasani. Aliomba ruhusa kuingia. Akakunja zulia, akapiga goti, akagonga sakafu kwa vifundo vya vidole mara mbili, akainuka na kujipangusa magoti.

"Naijua hiyo sauti," alisema. Akamgeukia mudogo wangu bila ubaya wowote. "Mama, usilalishe mutu humu. Hata kwa salon, pale sebuleni, haiko mbali ya kutosha."

Akaagana na kila mmoja kwa mkono, akapanda moto yake na kuondoka. Shefu na majirani nao wakaondoka. Tukabaki wawili uwanjani.

"Madame," akaniita. Hakuniita yaya. "Siku yangu ulinyamaza. Siku ya huyu mutu humujue, njo kinywa inafunguka?"

Nilifanya vizuri, wengine wananiambia. Padri aliniambia hivyo pia nilipoungama. Lakini ukweli wangu ulikuja kwa mchimba dhahabu ambaye sitamwona tena, na aliyeulipia ni mwanamke aliyenisamehe. Nilimkosea kwa kunyamaza, nikamkosea tena kwa kusema. Sijui ni lini ningeweza kumtendea haki, ila siku ile ya kwanza, mguu juu ya jiwe.

Jioni, mvua ikijikusanya upande wa Komanda, nilizunguka uzio nikabisha kwake. Nilimwambia chumba changu cha nyuma kiko wazi, kuta zake ni za tofali mbili mbili, kikavu, hakina ufa hata mmoja. Amlete mama yake leo leo, alale humo mpaka jambo lipate njia. Nyuma yake nilimwona kikongwe kwenye godoro la sebuleni. Alinipungia mkono kama kawaida.

Mudogo wangu aliutazama ukuta wa nyumba yangu, kutoka msingi mpaka bati.

"Aksanti, madame," akasema. "Ile chumba yako ilitokea chini ya kitanda ya mama."

Akafunga mlango. Ulikwama, akausukuma kwa bega mpaka ukaingia.